Kalamu moja ya buluu, nibu nne

Zilibaki wiki tatu harusi ya mjukuu wake, mama mmoja akaniletea kalamu aliyoifunga kwenye leso. "Fundi, hii bado yaandika, au nimeweka pambo miaka yote?" Kaka yake aliyekuwa akiishi Marekani ndiye aliyemletea. Sasa alitaka kuandika mwenyewe majina ya wageni juu ya bahasha za mwaliko, tena kwa ule mwandiko wa zamani: mstari mnene ukishuka, mwembamba kama uzi ukipanda.

Nilipoifungua leso nilikaa kimya kidogo. Ilikuwa kalamu ya wino ya kampuni ya Kimarekani ya Esterbrook, ya aina ya J, ya buluu. Buluu yake si rangi moja iliyopakwa: iko ndani ya plastiki yenyewe, ina mawimbi na mng'ao kama ndani ya ganda la chaza, na ukiizungusha mkononi mawimbi yanakimbia. Miisho yote miwili ina vifungo vyeusi vya mviringo. Ubavuni upo wenzo mdogo wa chuma wa kuvutia wino. Nimetengeneza kalamu nyingi za namna hii, na bado kila ya buluu inanifurahisha upya.

Nikamwambia ukweli. "Yaandika, mama, ila nibu iliyomo, hii ncha ya chuma ya kuandikia, si ya kazi unayoitaka."

Iliyomo ilikuwa ya namba 9668, ya wastani na ngumu. Kwa barua, hesabu za duka au orodha ya sokoni ni nibu nzuri mno. Lakini ukiikandamiza haitanuki. Inang'ang'ania karatasi, basi. Kwa kalamu nyingine ningemshauri anunue nyingine kabisa. Kwa hii hakukuwa na haja.

Richard Esterbrook alitoka Cornwall, Uingereza, na mwaka 1858 akaanza kutengeneza nibu za chuma huko Camden, New Jersey. Zilikuwa nibu za kuchovya kwenye kidau. Kalamu za kubeba wino tumboni kampuni ilikuja kuziuza kwa wingi miaka ya 1930, na hapo ikawa imeshazoea kuona nibu ndiyo bidhaa, kalamu ni mpini tu. Kwa hiyo nibu, ulimi mweusi ulio chini yake, na shingo yenye hesi vikaunganishwa kuwa kipande kimoja kinachoingia kwenye kalamu kwa kuzungushwa, kama balbu. Kipande hicho walikiita Renew-Point. Mteja alichagua kalamu, kisha akachagua nibu kati ya aina zaidi ya 30: ya mweka hesabu mwenye tarakimu ndogo, ya karani anayekandamiza karatasi ya kaboni, ya hatimkato, ya mwandiko mpana, na zile ninazozipenda mimi, laini zinazotanuka.

Namba iliyogongwa kwenye chuma ndiyo kitambulisho. Zinazoanza na 9 zina punje ya madini magumu nchani, hazilikwi na karatasi upesi. Zinazoanza na 1 au 2 zilikuwa za bei nafuu, ncha yake ni chuma kile kile cha nibu. Hizi za bei nafuu zina jambo moja ambalo hunigusa kila mara. Nilipoitazama 2048 yangu kwa lenzi, niliona ncha imesagika upande mmoja, mteremko mdogo laini kabisa. Mwenye nayo wa kwanza alikuwa akiilaza kalamu kushoto kidogo, akaandika hivyo miaka mingi, na chuma kikafuata tabia yake. Mimi nikiishika kwa pembe yangu inakwaruza. Nikiigeuza kidogo kufuata pembe yake, inateleza.

Kabla ya nibu, kifuko. Ndani ya kalamu hizi kuna kifuko cha mpira kinachobanwa na wenzo, na joto na unyevu wa pwani havina huruma na mpira. Chake kilikuwa kimekauka, ukitikisa kalamu unasikia vipande vinachezacheza. Nilikikwangua chote, nikaweka kipya kwa shelaki, ile ile wanayoijua maseremala. Usitumie gundi kali ya papo kwa papo, maana fundi atakayefuata hataweza kuifungua bila kupasua plastiki.

Na nibu isipotoka, usiikimbilie na koleo. Wino uliokauka kwenye hesi ndio unaoishika. Ichovye sehemu ya mbele kwenye maji ya kawaida usiku kucha, asubuhi shika nibu na ulimi pamoja kwa kipande cha mpira, zungusha kinyume cha saa polepole. Maji ya moto usithubutu. Yanapinda plastiki.

Nilikuwa na nibu tatu za kutanuka za kujaribu kwenye kalamu ile: 2048, 9128 na 9788. Ya nne ni ile 9668 ya mwenyewe, niliyoiacha iwe kipimo.

Watu wengi wakipata nibu laini wanaangalia jambo moja tu: inafunguka kiasi gani. Wanaibonyeza mpaka meno yake mawili yanaachana kabisa, wanapiga picha ule mstari mnene, wanasifu. Kwangu hiyo ni nusu ya habari, na ni nusu ndogo. Nibu ni springi. Springi inayofunguka vizuri na kurudi kwa uvivu haina faida kwenye mwandiko, kwa sababu uzuri wa herufi uko pale mstari mnene unapokoma na ule mwembamba unapoanza. Andika herufi l ndogo. Unapanda na mstari wa nywele, unageuka juu, unashuka ukikandamiza, kisha chini kabisa, kabla ya kugeuka kupanda tena, unaachia. Hapo nibu iwe imeshafunga. Ikichelewa, kona ya chini inavimba na herufi yote inaonekana kama imelowa.

9128 ilitajwa na kampuni kuwa laini mno na nyembamba mno. Nilianza nayo kwa hamu. Kwa mkono mwepesi ikatoa mstari kama unywele. Nilipokandamiza kidogo tu ikapanuka karibu milimita moja. Mstari wa kwanza ulinifurahisha kweli. Halafu nikaandika neno "Mwaliko" mara kumi, na nilipofika la nne nikaanza kuona kona za l na k zimevimba. Isitoshe, kwenye michirizo mirefu ya M wino ulikatika katikati, zikabaki kingo mbili na weupe baina yake, kama reli ya treni.

Sababu ya kukatika huko inafaa kueleweka. Wino hausukumwi na chochote ndani ya kalamu. Unavutwa na wembamba wa mpasuo ulio baina ya meno mawili ya nibu, kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Meno yakiachana, mpasuo unapanuka, nguvu ya kuvuta inapungua, na papo hapo mstari mnene unadai wino mwingi zaidi. Ulimi ulio chini ukishindwa kuleta kwa kasi, utando wa wino baina ya meno unapasuka. Dawa ya kwanza ni kupunguza mwendo. Ya pili ni kutumia wino mwepesi unaotiririka. Ya tatu, ambayo watu hawapendi kuisikia, ni kutofungua nibu mpaka mwisho wake.

Na ulaini wenyewe unatoka wapi? Si chuma laini. Nibu hizi zote nne ni za chuma cha pua. Tofauti ni umbo. Bati likipunguzwa unene kuwa nusu, ugumu wake wa kupinda haupungui kwa nusu, unashuka hadi sehemu moja ya nane. Meno yakirefushwa mara mbili, ugumu unashuka kwa kiasi hicho hicho. Ndiyo maana ukiitazama 9128 kwa ubavu unaiona nyembamba kuliko 9668, na tofauti ndogo kiasi hicho machoni inakuwa kubwa hivyo mkononi.

9788 ni ya wastani na laini. Haifiki mbali kama 9128, na mstari wake wa kupanda si unywele, ni uzi. Lakini inarudi! Nilishuka, nikaachia, na kabla sijageuka mpasuo ulikuwa umefunga. Punje ya ncha yake ni kubwa zaidi, hivyo ikipanda haichomi nyuzi za karatasi. Bahasha za harusi zilikuwa za karatasi nzito yenye mikwaruzo ya makusudi, zile zinazopendeza kwa kushika, na juu yake 9128 ilinasa mara mbili na kunirushia vitone. 9788 ikapita salama. 2048 ilikuwa katikati, na ingefaa kama si ule usagikaji wa mtu mwingine.

Jambo moja kwa waliojifunza mwandiko kwa kalamu ya mwanzi, kama nilivyoanza mimi kwa herufi za Kiarabu. Mwanzi unakatwa bapa, na unene wa mstari unatokana na pembe unayoishikia kalamu. Kukandamiza hakuongezi kitu. Nibu ya kutanuka ni kinyume chake: ncha ni nukta, na unene wote unatoka kwenye shinikizo. Mkono uliozoea mwanzi unazungusha kalamu bila kujua, na nibu laini ikizungushwa jino moja linabeba mzigo wote. Nimewahi kuharibu nibu nzuri kwa namna hiyo, jino moja likabaki juu na jingine chini. Kujua kama nibu imechanuka, iinue kuelekea dirishani: mwanga unaopita kwenye mpasuo uwe unapungua hadi kutoweka nchani. Ukiuona mwanga mpaka mwisho, chuma kimeshapita mpaka wake wa kurudi.

Mama alipokuja kuichukua kalamu, sasa ikiwa na 9788, nilimketisha ajaribu. Mwanzoni aliishika kama kalamu ya kawaida ya dukani, akakandamiza akishuka na akipanda, nibu ikanasa. "Mama, ukishuka ielemee. Ukipanda isahau." Akacheka, akajaribu tena. Mstari wa tatu ulikuwa na uzi na mnene wake, kila mmoja mahali pake.

Nikamwekea 9668 kwenye kikopo kidogo, airudishe kwenye kalamu kwa kazi za kila siku harusi ikipita. Nikamwonya pia kuhusu kukauka: mstari mnene unabeba wino mwingi, usipangishe bahasha moja juu ya nyingine. Siku ya nne alinitumia picha. Bahasha zimetandazwa sebuleni juu ya mkeka, safu kwa safu, majina yote kwa buluu, na juu yake pangaboi limezimwa.