Nyasi za bustani zinatengenezwa vuli, we unangoja nini?

Watu wengi wananiuliza habari za nyasi baridi ikishaisha, vipara vimejaa bustani nzima, na mi huwa nawaambia mmechelewa. Nyasi za sehemu za baridi zinatengenezwa vuli, yaani msimu wa kati ya kiangazi na baridi, majani ya miti yakianza kupukutika, maana hewa inapoa huku udongo bado una joto, na mizizi inapenda udongo wa nyuzi 10 hadi 18 hivi za selsiasi, halafu magugu ya kiangazi nayo ndo yanajifia kwa hiyo mbegu haina wa kugombania naye maji.

Ila kwanza jua una nyasi gani. Kama ni bermuda au zoisia, hizo ni nyasi za sehemu za joto, vuli ziache zilale, usizijaze mbolea ya naitrojeni maana zitatoa majani laini na baridi itayaunguza. Zikigeuka kahawia hazijafa jamani.

Za baridi ndo zina mjadala. Raigrasi inaota ndani ya siku 5 hadi 10, utafurahi, lakini inakua kwa vishada, haitambai, kipara kinabaki kipara mpaka upande tena. Bluugrasi inatambaa kwa vishina vya chini ya ardhi na kujiziba yenyewe, tatizo inachukua wiki 2 mpaka 4 kuota, na wiki ya pili mtu hajaona kitu anaacha kumwagilia, mbegu ishaanza kupasuka inakauka hapohapo. Mi napenda kuzichanganya. Ukame ukikusumbua weka feskyu ya majani mapana, mizizi yake inazama sana, kwenye kivuli weka ile ya majani membamba. Chini ya mti wenye kivuli kizito kabisa achana na nyasi, utapoteza pesa yako tu.

Kabla ya kumwaga mbegu chukua kisu, kata kipande cha nyasi na udongo wake, chenye kina cha vidole vinne hivi, kigeuze ukiangalie ubavuni. Kati ya kijani na udongo utaona tabaka la kahawia linabonyea kama sponji, hayo ni mashina na mizizi iliyokufa, likizidi sentimita 1 hivi maji hayashuki vizuri, lichane na reki. Ukikuta mizizi imeishia juujuu na udongo mgumu basi umeshindiliwa, tafuta mashine inayong'oa vipande vya udongo, sio ile ya misumari, ile inasukuma tu udongo pembeni. Vipande viache hapohapo vitasagika, mbegu zimwage siku hiyohiyo ziingie kwenye matundu.

Mbegu ziwahi wiki 6 hivi kabla ya baridi ya kugandisha. Kukata endelea mpaka ziache kukua, usizidishe theluthi moja ya urefu kwa mara moja, na majani ya miti yaliyodondoka yasage na mashine ya kukatia nyasi yakiwa makavu, yakiwa mengi mpaka nyasi hazionekani hapo zoa.