Stika Hazifanyi Judge: Ninayoyasikia Kuhusu GTO ya Paa la Kukunja

Wiki iliyopita simu ileile ikalia tena. Mtu ni mwingine, maneno ni yaleyale: amenunua Pontiac GTO ya 1969 ya paa la kukunja, gari la Kimarekani, anataka kuigeuza ifanane na Judge, toleo maalumu la GTO; ameagiza spoila, ameagiza seti ya stika, amempata fundi wa kuipiga rangi ya chungwa, na sasa anataka kujua kama imebaki kazi yoyote ya kunipa. Nikamuuliza, rimu zina ringi za kung'aa pembeni? Zina. Mkono wa gia ukoje? Una kirungu cha duara. Injini imegongwa herufi gani pale mbele? Kimya kidogo, halafu: "Kwani injini nayo inahesabika?"

Inahesabika, ndugu yangu.

Kabla sijaanza kulalama, niseme kwamba sidharau magari ya kuenzi, yaani ya kawaida yanayojengwa yafanane na toleo adimu. Mwaka 1969 Pontiac walitengeneza Judge 6,833, na za paa la kukunja zilikuwa 108 tu. Mwaka 1970 zikawa 168. Mwaka 1971 zilitoka 17, kisha Judge ikafutwa katikati ya msimu. Mtu wa kipato cha kawaida anayetaka kuendesha kitu hicho hewa ikimpiga usoni atajenga ya kuenzi, hana njia nyingine. GTO za kawaida za paa la kukunja zipo za kutosha kuanzia: kati ya GTO 72,287 za 1969, zile za paa la kukunja zilikuwa 7,436. Ugomvi wangu ni na wanaojenga bila kujua wanaenzi nini.

"Judge ni stika, spoila na rangi ya chungwa"

Hii ndiyo inayonikosesha usingizi. Judge haikuwa modeli ya peke yake. Ilikuwa kifurushi ulichoongeza juu ya GTO kwa dola 330 na ushee, na ndani ya kifurushi hicho kitu kikubwa kilikuwa injini. GTO ya kawaida ilikuja na injini ya inchi za ujazo 400 yenye nguvu farasi 350. Judge ya 1969 ilianzia kwenye Ram Air III, farasi 366. Ukiongeza hela ulipata Ram Air IV, iliyoandikwa farasi 370 kwenye karatasi.

Sasa tazama mbele ya bloku, upande wa abiria, chini ya hedi. Kuna herufi mbili. WS ni Ram Air III ya gia za mkono, YZ ni ya otomatiki. WW na XP ni Ram Air IV, ya mkono na ya otomatiki kwa mfuatano huo. Ukikuta WT au YS, hiyo ni injini ya farasi 350, na stika hata zikijaa kutoka bampa hadi buti hazitaibadilisha. Kila mteja huniambia anataka ya IV. Judge za 1969 za paa la kukunja zilizotoka na injini hiyo zilikuwa tano. Tano! Nikihesabu walioniomba niwajengee "kama ile ya kiwandani" yenye Ram Air IV, wamekwishaizidi hesabu ya kiwanda. Jenga ya III. Vipuri vyake vinapatikana, inavumilia foleni, na ndiyo Judge ambayo karibu kila mnunuzi wa wakati ule aliichukua.

Jina lenyewe Ram Air linahusu hewa. Boneti ina matundu mawili, na ndani yake kuna vifuniko vinavyofunguliwa kwa waya kutoka chini ya dashibodi. Mvua ikinyesha unafunga, ukitaka kukimbia unafungua, hewa baridi inaingia moja kwa moja kwenye kabureta. Gari moja lililetwa kwangu likisifiwa kuwa limekamilika. Nikaketi, nikavuta kile kitufe, kikaja chote mkononi na waya wake, urefu wa dhiraa nzima. Ncha ya pili haikuwa imefungwa popote. Mwenyewe alikuwa ameliendesha misimu miwili akiamini kwamba matundu yanafanya kazi, na akaniambia kabisa kwamba "ukifungua unasikia tofauti."

Turudi kwenye rimu. Judge ilikuja na Rally II za inchi 14 bila zile ringi za kung'aa, na matairi ya G70-14. Watu hawaamini kwamba gari la pesa zaidi lilitolewa ringi, kwa hiyo wanazirudisha. Zitoe. Na ukiweka rimu za inchi 17 usiniite.

Grili iliyopakwa nyeusi na taa za mbele zilizo wazi ndivyo ilivyokuja. Taa za kujificha zilikuwa za kulipia zaidi, kwa hiyo si kosa mtu kuwa nazo, ila awe anajua kuwa alichagua. Mkono wa gia za mkono ulikuwa wa kampuni ya Hurst, wenye kishikio cha umbo la T. Na hapa kuna jambo ambalo hakuna mteja aliyewahi kulitaja kabla yangu: gia za kawaida za Judge zilikuwa tatu. Gia nne zilikuwa za kulipia, kama ilivyokuwa otomatiki. Natamani siku moja aje mtu mwenye moyo wa kujenga yenye gia tatu. Nitampunguzia bei.

Michirizi nayo inachanganywa vibaya. Ya 1969 inaanzia fenda ya mbele na kupita juu ya ubavu kuelekea nyuma. Ile inayokaa juu ya matao ya magurudumu kama nyusi ni ya 1970 na 1971. Nimeona gari lenye zote mbili. Na spoila, iwekeni juu ya kifuniko cha buti ikiwa kavu, mzungumze nayo, mpime pande zote mbili kwa rula kabla ya kushika drili. Tundu likishatobolewa mahali pasipo pake, maji yatakuwa yanaingia kwenye buti hadi kiama.

Kuhusu rangi ya chungwa: Judge za kwanza, kama elfu mbili hivi, zilitoka na rangi iliyoitwa Carousel Red, ambayo jina lake ni nyekundu na jicho linaona chungwa. Baada ya hapo ungeweza kuagiza rangi nyingine za GTO. Kwa hiyo kama kibati cha bodi kwenye ukuta wa injini kinasema gari lako lilizaliwa kijani, liache kijani. Ushauri huu natoa kwa kila mtu, na karibu kila mtu anaukataa. Lakini ukisimama kwenye maonyesho ya magari mbele ya nakala sita za chungwa zilizopangwa mstari mmoja, utanikumbuka.

"Kata paa la bati, tayari ni ya wazi"

Hapana. Wanaofikiri hivi wanadhani paa ni kofia. Kwenye gari la paa la bati, paa ndilo linaloshikilia ukuta wa mbele na wa nyuma visikunjane. Ukitaka kuliondoa, lazima nguvu ile itoke mahali pengine, na Pontiac waliitoa chini: mihimili ya pembeni ya fremu ya gari la bati iko wazi upande mmoja, kama herufi C, wakati ya paa la kukunja imefungwa pande zote nne kama sanduku. Bodi yenyewe imeongezewa vyuma. Kiti cha nyuma ni chembamba zaidi, kwa sababu mitambo ya paa inakaa kushoto na kulia kwake. Huwezi kuyafanya haya kwa grainda na jioni moja.

Kuna lililonifikia likiwa limekatwa tayari, na vyuma vya pembe vimechomelewa chini ili "kuimarisha." Nikaliinua mbele na nyuma, katikati likabaki hewani. Mwanya wa juu nyuma ya mlango, uliokuwa unapitisha kidole changu, ukaziba taratibu tukiutazama. Mlango ukagoma kufunguka. Mwenyewe alikuwa amekaa ndani, ikabidi atokee juu. Angalau paa halikuwepo la kumzuia.

Hata ukiwa na gari halisi la paa la kukunja, kama sakafu imeliwa na kutu, usikate kipande chochote kabla ya kuchomelea mhimili wa muda unaokatiza kila uwazi wa mlango. Nimewahi kumnyang'anya kijana wa karakana msumeno mkononi kwa sababu hii, na sijutii.

"LeMans na GTO ni gari moja"

LeMans ni Pontiac nyingine, ya bei ya chini kuliko GTO. Zinafanana mifupa, ni kweli, na LeMans ya paa la kukunja inaweza kuwa mwanzo mzuri kwa mwenye mfuko mdogo. Lakini soma namba ya chesisi kupitia kioo cha mbele, kushoto. GTO ya 1969 ya paa la kukunja inaanza na 24267. LeMans inaanza na 23767. Hizo tarakimu hazibadiliki, na anayezibadilisha kwa kung'oa kibati anatenda kosa la jinai kwa sheria ya shirikisho ya Marekani. Mbele pia utakuta kazi: LeMans ina bampa la kromu, GTO ina lile la Endura la kunyumbuka lililopakwa rangi ya bodi, ambalo ukilijaza pati ngumu litapasuka mara ya kwanza likiguswa.

Na kwa kuwa tumefika kwenye namba: namba ya chesisi haisemi Judge hata siku moja. Inasema GTO, basi. Anayekuambia "angalia namba yake ya chesisi, ni Judge kamili" ama hajui, ama anajua sana. Ushahidi ni karatasi. Pontiac Historic Services wana nakala za ankara za kiwanda, na kifurushi cha Judge kimeandikwa humo. Agiza karatasi hizo kabla ya kununua hata stika moja. Kama gari lako ni la kuenzi, zitakuambia lilivyozaliwa. Na ipo bahati ya mbali kwamba ulinunua Judge bila kujua.

"Tugonge namba za injini zilingane"

Tangu 1968 bloku hubeba sehemu ya namba ya chesisi ya gari lake. Wengi wakipata bloku ya WS wanataka ile namba isagwe, igongwe ya gari lao. Sifanyi, na tafadhali usiniulize mara ya pili kwa sauti ya chini.

Kilicho halali na kizuri ni kutafuta bloku ya tarehe inayokaribia. Tarehe ya kumiminwa iko juu ya bloku, karibu na distribyuta: herufi ya mwezi, siku, na tarakimu ya mwisho ya mwaka. C 12 9 ni tarehe 12 Machi 1969. Kama kibati cha bodi kinasema 04A, yaani wiki ya kwanza ya Aprili, bloku hiyo ingeweza kuwa mle. Bloku inayoanza na E ilimiminwa Mei. Gari lilikuwa limeshafungwa bodi bila hiyo.

"Liking'aa zaidi ndio sahihi zaidi"

Kiwandani walipiga laka ya akriliki, ikakauka na vipele vyake vidogo kama ganda la chungwa. Rangi ya bampa la Endura haikulingana kikamilifu na ya fenda hata gari likiwa jipya. Mianya ya milango haikuwa imepimwa kwa maikromita. Ukinyoosha kila kitu kama kioo, ukamwagia rangi ya unga fremu nzima ikameta, utapata gari zuri sana ambalo Pontiac hawakuwahi kulitengeneza. Fremu ipige nyeusi isiyometa sana. Ndio mwisho wa maelezo.

"Nikiliuza litanirudishia zote"

La kuenzi linauzwa kama la kuenzi. Gharama ya injini sahihi, paa jipya na pampu ya haidroli ya kuliendesha haitarudi yote, na anayekuahidi kinyume chake huenda ndiye anayekuuzia hivyo vipuri.

Mimi kila gari la aina hii likitoka karakana naandika karatasi moja kwa mkono: lilikuwa nini lilipozaliwa, bloku imetoka wapi na ina herufi gani, rangi ya kwanza ilikuwa ipi, nini ni cha zamani na nini ni kipya. Mteja mmoja aliniomba nisiandike, nikamrudishia arabuni yake. Karatasi hiyo naikunja mara mbili na kuiweka kwenye kisanduku cha dashibodi, nyuma ya nembo iliyoandikwa The Judge.