Matabaka ya mkono wa upinde: maana yake na namna ya kuyachagua

Upinde wa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huchongwa kutoka kwenye mti mmoja, bila gundi. Upinde wa matabaka ni kitu kingine. Kila mkono wake, wa juu na wa chini, ni vipande vyembamba vilivyobandikwa kimoja juu ya kingine. Kila kipande ni tabaka.

Ukivuta ugwe, upande unaoangalia shabaha, yaani mgongo, unavutika. Upande unaokuangalia wewe, yaani tumbo, unabanwa. Mti unaostahimili kuvutwa si lazima ustahimili kubanwa, ndiyo maana kila mti hupewa kazi unayoiweza.

Anza na mgongo, kwa sababu mgongo ukikatika upinde umekwisha, na vipande vyake vinaweza kukurukia usoni. Hapa Moshi mianzi tunaiona kando ya mito. Nyuzi zake ngumu zimesongamana karibu na ganda la nje. Kwa ndani ni laini. Kwa hiyo randa ipite ndani tu, nje uache nyuzi zake nzima, mpaka ubaki unene wa milimita 3 hivi. Wengi huuacha mnene wakidhani wanaongeza nguvu. Mwanzi mnene hulizidi tumbo. Niliwahi kuubandika hivyo juu ya mgrevilea, na baada ya siku chache za kuvuta nikaona tumboni mistari myembamba iliyokatiza nyuzi, kama mikwaruzo ya wembe. Mti ulikuwa umepondeka. Upinde ule ulibaki umejikunja hata baada ya kuuvua ugwe.

Tumbo, basi, litafutiwe mti mgumu. Mimi ningeanza na loliondo, mbao ya jamii ya mzeituni ambayo mafundi wa Arusha na Moshi wanaifahamu. Mpingo nao haupondeki kirahisi, lakini ni mzito hata huzama majini, na uzito ukikaa kwenye ncha za upinde unaupunguzia mshale kasi.

Tabaka la katikati, kiini, halihitaji mti wa thamani. Mkono ukiwa na unene wa milimita 12, zile 6 za katikati, hata zingekuwa za mti uleule, zinachangia sehemu moja tu kati ya nane ya ugumu wote. Hapo ndipo mgrevilea unapofaa: mwepesi na unapatikana. Cha kuzingatia ni unene. Mkono wa milimita 10 ukiongezwa milimita 1 tu, ugumu wake unapanda kwa karibu theluthi, kwa hiyo pima kila baada ya kupiga randa.

Kabla ya kubandika, tazama ubavu wa kila kipande. Nyuzi zinapaswa kwenda sambamba na ubao toka mwanzo hadi mwisho; zikitokea pembeni, hapo ndipo patakapopasuka. Kisha kata vipande vya majaribio vyenye upana na unene sawa, vibane kwenye ukingo wa meza, na uning'inize chupa ya maji ya lita moja kwenye ncha ya kila kimoja. Viache usiku kucha. Asubuhi ondoa chupa uone kipi kimenyooka tena na kipi kimebaki kimeinama. Mti ulioinama, hata ukiwa mzuri machoni, upeleke kwenye mshikio, mahali pasipopinda.