Kuchimba Uani Mtwara: Tunayoamini na Yaliyomo Ardhini

Wengi huamini kwamba mabomba na nyaya hufukiwa chini sana, hata shimo la nguzo ya uzio au la mche wa mwembe haliwezi kuyafikia. Imani hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, kwa sababu bomba lililofukiwa mita moja halibaki mita moja daima. Udongo wetu ni wa kichanga, na kwenye miteremko kama ya Mikindani mvua huubeba kila msimu. Tena mwenye nyumba mwenyewe akisawazisha uwanja huondoa udongo mwingine bila kukumbuka kilicho chini yake. Huko Mangamba nilimwona kijana akichimba mashimo ya uzio, na kwenye kina cha shibiri mbili sululu yake ikaibua utepe wa plastiki wa manjano, naye akauvuta na kuutupa akidhani ni taka. Utepe ule hulazwa juu ya bomba au waya makusudi, ili mchimbaji aukute kwanza na asimame.

Wapo wasemao kwamba gesi haiwahusu, kwa kuwa bomba kubwa la kutoka Madimba kwenda Dar es Salaam limepita mbali na kwao. Hata hivyo, gesi asilia imekwisha kuunganishwa kwenye baadhi ya nyumba za Mtwara na Lindi, na mabomba ya mitaani kwa kawaida ni ya plastiki, ambayo kifaa cha kutafutia chuma hakiyaoni isipokuwa yamelazwa pamoja na waya. Kwa hiyo, siku kadhaa kabla ya kuchimba karo au msingi wa ukuta, waulize wenye mitambo, yaani mamlaka ya maji, TANESCO, TPDC (shirika la petroli na gesi) na kampuni za simu, waje wakuonyeshe njia zao. Kumbukumbu za fundi aliyejenga nyumba hazitoshi. Karibu na alama watakazokuwekea, weka kando sululu na mtaimbo, uchimbe taratibu kwa koleo ukitokea ubavuni.

Dhana nyingine ni kwamba mchubuko mdogo si kitu, ukifukiwa yamekwisha. Bomba la plastiki lililochubuka hubeba shinikizo kila siku na linaweza kupasuka baada ya miezi; waya uliotobolewa ganda huingiza maji. Toa taarifa kabla ya kufukia, hata kama ni aibu.

Gesi ikivuja, watu hukimbilia kuifunika kwa mchanga. Kufanya hivyo huisukuma ipite ndani ya udongo hadi chini ya sakafu ya nyumba, na harufu iliyoongezwa ili itambulike inaweza kufifia njiani. Acha zana hapo hapo, usiwashe moto, taa wala pikipiki, waondoe watu kuelekea upande unaotoka upepo, kisha mkiwa mbali ndipo mpige simu Zimamoto kwa namba 114.