Je, wajua kwa nini treni ya mezani hupita kona ambayo ingeipindua treni ya kweli?

Chukua bao la plaiwudi la futi 4 kwa 8, lile linalouzwa katika kila duka la mbao. Tandika juu yake mduara wa reli za kuchezea, weka kichwa cha treni na mabehewa matano au sita, kisha washa umeme. Treni itazunguka mchana kutwa bila kuyumba. Sasa pima kona yake: kutoka kitovu cha mduara hadi katikati ya reli ni kama sentimita 46 tu. Treni nyingi za mezani duniani hutengenezwa kwa kipimo kiitwacho HO, yaani zimepunguzwa mara 87. Ukiikuza kona hiyo mara 87, unapata nusukipenyo cha mita 40. Katika reli kuu ya geji sanifu, yaani ule upana wa kawaida kati ya reli mbili, hata kona ya mita 300 inahesabiwa kuwa kali. Treni ya abiria ikiingia kona ya mita 40 kwa kilomita 80 kwa saa italala ubavu kabla dereva hajashika breki.

Ya mezani inapita. Kwa nini?

Jibu linalowajia wengi ni kwamba ile ni nyepesi. Sivyo. Kani inayoisukuma treni nje ya kona huongezeka kadiri treni inavyokuwa nzito, lakini uzito unaoikandamiza kwenye reli nao huongezeka kwa kiwango kilekile, kwa hiyo vinafutana. Siri iko kwenye mwendo. Treni ya mezani inayoonekana kwenda kilomita 80 kwa saa kwa kweli inakwenda sentimita 25 hivi kwa sekunde, mwendo wa mtoto anayetambaa. Na kani ya kona hufuata mraba wa mwendo: ukipunguza mwendo mara 87, kani inapungua mara 87 na tena mara 87. Ni kweli umeikaza kona mara 87, na hilo linaiongeza kani mara 87, lakini bado umebaki na faida ya mara 87 nzima.

Kwa tarakimu ni hivi. Treni ya kweli kwenye kona ya mita 40, kwa kilomita 80 kwa saa, ingesukumwa pembeni kwa kani inayozidi uzito wake yenyewe kwa robo. Ya mezani, kwenye kona yake ya sentimita 46, inasukumwa kwa kama sehemu moja ya sabini ya uzito wake. Umeipunguza treni, umepunguza kona, umepunguza mwendo. Mvutano wa dunia hukuupunguza. Umebaki uleule, na ndio unaoibana treni ndogo kwenye reli.

Hata mtoto akizungusha swichi hadi mwisho na treni ikafika mita 1 kwa sekunde, ambao kwa kipimo chake ni zaidi ya kilomita 300 kwa saa, kani ya pembeni bado haifiki robo ya uzito. Ndiyo maana treni za kuchezea huvumilia utundu wa kila namna.

Lakini kutopinduka ni jambo moja, na magurudumu kukubali kupinda ni jingine. Hapa watengenezaji wamefanya ujanja ambao kwa macho tu hauonekani. Gurudumu la treni lina ukingo upande wa ndani unaolizuia lisitoke relini. Kwenye treni ya kweli ukingo huo una kina cha milimita 28 hivi. Ukiugawa kwa 87 unabaki na theluthi moja ya milimita, na vumbi tu lingetosha kulitoa gurudumu. Kwa hiyo magurudumu ya HO hupewa ukingo wa karibu mara mbili ya ule wa haki. Ekseli huachiwa nafasi ya kucheza kushoto na kulia, na vichwa vya mvuke vyenye magurudumu mengi makubwa mara nyingi hupewa magurudumu ya katikati yasiyo na ukingo kabisa, ili yateleze juu ya reli badala ya kukwama.

Wahandisi wa treni za kweli nao walipata shida hiyohiyo, na suluhisho mojawapo linaonekana Nairobi, kwenye Makumbusho ya Reli. Pale pamesimama kichwa namba 5918, Mount Gelai, mmoja wa ndugu 34 wa daraja la 59 waliotengenezwa na kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Kina urefu wa zaidi ya mita 30 na uzito wa tani 250 hivi. Chuma kirefu namna hiyo kingekwama kwenye reli ya geji ya mita yenye kona za milimani. Kwa hiyo kimekatwa vipande vitatu: seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, na bwela, tangi la kuchemshia maji, limelazwa katikati kama daraja, likizunguka kwenye egemeo kila upande. Muundo huo huitwa Garratt. Ukikipunguza mara 87 unapata mfano wa zaidi ya sentimita 34, na kwa kuwa uzito hupungua kwa urefu, upana na kimo kwa pamoja, tani zote zile zinageuka gramu zisizofika 400. Kwa maoni yangu, hakuna kichwa cha mvuke kinachofaa meza ndogo kuliko hicho: kikubwa kwa macho, na kinapinda kwa sababu ya haki, si kwa ujanja wa kiwandani.

Sasa, mtu aliyewahi kujenga reli nyumbani atasema: mbona yangu inaanguka kila siku? Ni kweli zinaanguka, ila si kwa mwendo. Mara nyingi chanzo ni maungio ya reli yasiyokaa sawa, au reli moja kuinuka kidogo kuliko mwenzake kwa sababu mbao imejipinda kwa unyevu, jambo ambalo watu wa pwani wanalijua vizuri. Chanzo cha pili ni kona ya kushoto inayofuatwa papo hapo na ya kulia. Behewa la mbele linatupa mkia wake upande mmoja, la nyuma linatupa kichwa upande mwingine, na kiungio kinavuta gurudumu nje ya reli. Dawa ni kuweka kipande kilichonyooka katikati, angalau urefu wa behewa lako refu kuliko yote.

Chanzo cha tatu kinashangaza: treni ndefu huanguka kwa ndani ya kona, si nje. Kichwa kinapovuta mabehewa 20 kuzunguka kona, mnyororo mzima unataka kunyooka, na njia fupi ya kunyooka ni kukata kona. Behewa jepesi lililo katikati huinuliwa na kulazwa ndani. Hapa ndipo uzito unapohusika kweli. Chama cha waunda treni wa Marekani, NMRA, kilichoanzishwa mwaka 1935, kinapendekeza behewa la HO liwe na gramu 28, kisha liongezewe gramu 14 kwa kila inchi ya urefu wake. Behewa la sentimita 15 kwa hiyo linatakiwa kuwa na gramu 113 hivi. Mengi hutoka dukani yakiwa mepesi kuliko hapo, na watu hubandika nati za chuma sakafuni kwa gundi. Weka uzito chini, kamwe usiuweke juu.

Kwa nini basi sentimita 46, na si 60 au 80? Sababu kubwa ni lile bao la plaiwudi. Sentimita 46 ni inchi 18. Mduara wake una upana wa inchi 36, na bao la futi 4 lina inchi 48. Unaweza hata kuzungushia reli ya pili ya inchi 22 nje yake na bado ukabaki na ukingo mwembamba kila upande. Wasio na nafasi hiyo huchagua kipimo cha N, kilichopunguzwa mara 160, ambacho reli zake zina upana wa milimita 9. Huko kona ya sentimita 25 inatosha, na Wamarekani wengi wamejenga reli nzima juu ya ubao wa mlango.

Kona hiyo ina gharama yake machoni. Behewa la abiria la Ulaya lenye mita 26.4 linapaswa kuwa na sentimita 30 kwenye HO. Likiingia kona ya sentimita 46, tumbo lake linaingia ndani zaidi ya sentimita 1 kutoka katikati ya reli na ncha zake zinachomoza nje, kwa hiyo treni mbili zinazopishana zitagongana msipoachanisha njia. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani kwa miaka mingi imeuza mabehewa yaliyofupishwa kwa makusudi, yenye sentimita 28 hivi: upana na kimo vya kweli, urefu umepunjwa. Wanunuzi wanajua na wananunua.

Waingereza ndio waliokwenda mbali zaidi. Treni zao ni nyembamba kuliko za Ulaya bara, na zamani mota ndogo hazikuwa ndogo vya kutosha kuingia ndani ya kichwa cha Kiingereza kilichopunguzwa mara 87. Basi wakakuza mabodi hadi kipimo cha 1 kwa 76, wakaacha reli zilezile za milimita 16.5. Kwa kipimo hicho reli ilitakiwa iwe na milimita 18.83. Mpaka leo treni za namna hiyo, ziitwazo OO, ndizo maarufu kuliko zote Uingereza, na zinatembea juu ya reli nyembamba kuliko inavyostahili. Wapo wachache wanaotandika reli ya milimita 18.83 kwa mikono yao, taruma kwa taruma. Nawaheshimu, lakini siwafuati.

Kwa anayetaka kuiweka Afrika Mashariki mezani, hesabu ya geji ina ladha yake. SGR ya Kenya na ya Tanzania ina upana wa milimita 1,435. Gawa kwa 87 upate 16.5, reli ya kawaida ya HO kutoka duka lolote. Reli ya zamani ya mita inakuwa milimita 11.5. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia yenye milimita 1,067, inakuwa 12.3. Dukani kuna reli ya milimita 12, inayotengenezwa hasa kwa ajili ya njia nyembamba za milima ya Uswisi, na inazifaa zote mbili kwa kosa ambalo jicho halilioni. Kwa hiyo mezani treni ya Reli ya Kati ya Tanzania, ile ya zamani ya mita, inaweza kuendelea moja kwa moja juu ya njia ya TAZARA, ilhali Kidatu, mahali reli hizo mbili zinapokutana, mizigo hulazimika kuhamishwa kutoka behewa moja hadi jingine. Ukitaka Kidatu ya kweli itabidi uijenge tofauti hiyo kwa jukwaa la kupakulia, kwa sababu reli zako hazitaionyesha. Watu wa New Zealand, ambao reli yao ni milimita 1,067 kama TAZARA, wana njia nyingine: hupunguza mara 64 tu, na reli ya kawaida ya milimita 16.5 inawafaa karibu kabisa. Lakini kila kitu kinakuwa kikubwa, na bao la futi 4 kwa 8 halitoshi tena.

Urefu wa njia ndio usiwekee matumaini. Kilomita 1 kwenye HO ni mita 11.5, na TAZARA nzima yenye kilomita 1,860 ingekula zaidi ya kilomita 21 za reli ndogo. Miniatur Wunderland ya Hamburg, maonyesho makubwa ya HO yaliyofunguliwa mwaka 2001, ina kilomita zaidi ya 15, na bado Kapiri Mposhi, mwisho wa TAZARA upande wa Zambia, ingebaki nje ya mlango. Nyumbani huchaguliwa stesheni moja na vipande viwili vya njia, na zile kona kali hufichwa: ndani ya handaki la kadibodi, nyuma ya kilima, au nyuma ya mstari wa miti ya sponji.

Kona unazoziacha wazi zipe mwanzo wa taratibu. Chora mduara wako kwenye plaiwudi, kisha usogeze mstari ulionyooka uwe nje ya mduara kwa sentimita 1 hivi badala ya kuugusa. Chukua ufito mwembamba wa mbao, ubane kwenye mstari upande mmoja na kwenye mduara upande wa pili, uuache ujipinde wenyewe, kisha uchore kwa penseli kuufuata. Reli ikipigiliwa juu ya mchoro huo, hata behewa la sentimita 28 litaingia konani bila kuruka.