Bakendi ya turubai ni nini? Somo kutoka karatasi ya risiti, Mwaloni Kirumba

Mitumbwi mingi inayofika Kirumba, Mwanza, ina maandishi ubavuni: jina la mtoto, sala fupi, au kijembe kwa jirani. Aliyeyaandika mara nyingi si mwenye mtumbwi. Mwenye mtumbwi alitaja maneno, labda na rangi, akaenda zake. Fundi wa mabango ndiye aliyejua ubao ule unakunywa rangi kiasi gani, herufi zianzie wapi ili jina lisije likaishia majini, na brashi ipi itapita kwenye mikunjo ya mbao. Maneno hayohayo ukimpa ayaandike kwenye ukuta wa duka kule Makoroboi atayaandika, ila mkono wake utafanya kazi nyingine kabisa.

Kwenye maktaba za kuchora za lugha ya programu ya Python (maktaba ni msimbo ulioandikwa tayari ili wengine wautumie), fundi huyo ndiye bakendi. Ni sehemu ya programu inayopokea maagizo ya kuchora (piga mstari toka hapa hadi pale, jaza rangi ndani ya umbo hili, andika neno hili) na kuyageuza kuwa kitu kinachoonekana mahali fulani: pikseli za skrini, faili la PDF, au alama kwenye karatasi. Mahali penyewe ndipo panapoitwa turubai. Wengine husema kanvasi, nami sigombani nao, ingawa kwetu turubai ni lile la kufunika magunia kwenye lori na bado neno linafaa: ni kitambaa kigumu kinachosubiri kuwekewa kitu.

Nitatumia Matplotlib kama mfano, kwa sababu ndiyo maktaba ya grafu ambayo wanafunzi wengi wa Python hukutana nayo kwanza. Ilianzishwa na John D. Hunter, mtafiti wa ubongo wa Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka 2003. Ndani yake kazi imegawanywa kwa watu watatu, tuseme. Yupo Artist, anayejua kitu gani kichorwe: mhimili, mstari wa bei, kichwa cha grafu. Yupo Renderer, anayejua namna ya kuchora. Na ipo FigureCanvas, yaani turubai, pale panapochorwa. Ukisema unaandika bakendi, unaandika hao wawili wa mwisho. Artist humgusi. Hajui na wala hataki kujua kama kazi yake inaishia kwenye skrini ya Dar es Salaam au kwenye kikaratasi cha Kirumba.

Mimi dhana hii niliisoma mara nyingi nikaitikia kichwa, lakini niliielewa siku nilipolazimika kuandika bakendi mwenyewe. Mama mkubwa wangu anauza dagaa wakavu. Ana printa ndogo ya risiti, ya karatasi ya milimita 58, ile inayochapa kwa joto bila wino. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku kwa taa, na taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika, mzigo hupungua, bei hupanda. Mama mkubwa anaujua mwendo huo kwa kichwa. Wateja wake wa mbali hawaujui, nao humwona mlafi. Akaniambia, "Mwanangu, si unasomea kompyuta? Nitolee huo mstari wa bei kwenye hiki kimashine, niwabandikie hapa ukutani wauone wenyewe."

Printa ya namna hiyo huwa na nukta nane kwa kila milimita, na sehemu inayochapika ni milimita 48 tu, yaani nukta 384 kwa upana. Kila nukta ama ni nyeusi ama haipo. Hakuna kijivu. Matplotlib haina bakendi ya kifaa hicho, na hapo ndipo utaratibu wake unapopendeza: unaandika moduli yako (faili la msimbo wa Python) yenye klasi iitwayo FigureCanvas, kisha unaiambia maktaba iitumie kwa kutanguliza module:// kabla ya jina la moduli. Basi. Hakuna kuomba ruhusa kwa mtu, wala kufumua maktaba yenyewe.

Unaweza kudhani Renderer lazima ajue mambo mia. La. Amri ya msingi ni moja, draw_path, yaani chora njia. Njia ni orodha ya nukta zikiwa na maelekezo: sogea hapa bila kuchora, piga mstari hadi pale, pinda kwa mkunjo huu, funga umbo. Grafu nzima, ukiitazama kwa jicho hilo, ni njia tu. Mstari wa bei ni njia. Fremu ni njia. Duara linaloonyesha siku ya soko ni njia yenye mikunjo. Hata herufi zinaweza kugeuzwa kuwa njia, na maktaba itafanya hivyo yenyewe usipoandika amri yako ya maandishi. Kuna draw_image kwa ajili ya picha, na kuna nyingine kama draw_markers zinazoongeza kasi tu. Usipoziandika, maktaba itaiita draw_path mara nyingi zaidi na kazi itakwisha ingawa polepole.

Kwa hiyo niliketi, nikatumia Pillow, maktaba ya Python ya kushughulikia picha, kushika picha ya nyeusi na nyeupe, nikauvunja kila mkunjo kuwa vistari vifupi, nikaandika draw_path yangu kwa mistari isiyofika thelathini. Herufi niliamua kuzichora mwenyewe kwa fonti ya Pillow, kwa sababu herufi zilizogeuzwa njia, kwenye nukta chache namna ile, zilitoka kama zimeng'atwa na panya. Nikadhani nimemaliza.

Karatasi ya kwanza ilitoka na neno "Bei" limekaa juu ya tarakimu za mhimili, kama abiria aliyekalia mapaja ya mwenzake kwenye daladala. Kosa lilikuwa langu, tena ndilo lililonifundisha jambo kubwa kuliko yote kuhusu bakendi. Nilikuwa nimenakili kiolezo kinachokuja na Matplotlib yenyewe, kinachoitwa backend_template. Kiolezo hicho hakichori kitu. Kipo ili uone umbo la kazi. Ndani yake ipo amri yenye jina refu, get_text_width_height_descent, na jibu lake pale ni moja, moja, moja. Sikuibadilisha.

Amri hiyo haichori. Inajibu swali. Kabla ya kuweka chochote, maktaba humuuliza Renderer: neno hili, kwa fonti hii na ukubwa huu, litachukua upana gani, kimo gani, na mkia wake utashuka kiasi gani chini ya mstari wa kuandikia? Neno "Bei" halina mkia. Neno "dagaa" lina mkia, kwa ajili ya ile g. Majibu hayo ndiyo yanayoamua tarakimu zikae umbali gani kutoka kwenye mhimili, na neno la pembeni likae umbali gani kutoka kwenye tarakimu. Bakendi yangu ilijibu kwamba kila neno duniani lina upana wa nukta moja. Maktaba ikaniamini, ikapanga vitu kana kwamba maneno ni punje za mchanga.

Wengi hueleza bakendi kama mkono unaotumwa. Maelezo hayo yamepungua. Bakendi ni kama fundi wa mabango ambaye, kabla hujamlipa, unamuuliza "jina hili litaenea ubavuni?" na jibu lake ndilo litakalokufanya ulifupishe jina au utafute mtumbwi mwingine. Bakendi inayochora vizuri lakini inapima vibaya ni mbaya kuliko ile inayochora kwa shida na kupima kwa ukweli, kwa sababu ya kwanza inaharibu uamuzi uliofanyika juu yake, mahali ambapo huwezi kuuona.

Nikarekebisha vipimo kwa kuiuliza fonti ileile ya Pillow niliyokuwa nikichorea. Karatasi ya pili ilitoka safi, maneno yamepangika. Nikampelekea mama mkubwa nikitembea kifua mbele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akaitazama muda mrefu, akaisogeza mbali na macho. "Sasa hapa mwezi ulipokuwa mpevu, mbona bei inashuka? Siku hiyo mimi nilinunua kwa machozi."

Alikuwa na haki. Mstari ulikuwa umepinduliwa. Lakini tarakimu za pembeni hazikupinduka: bei ndogo chini, bei kubwa juu, kila kitu mahali pake. Ni uongo mbaya sana wa grafu, kwa sababu unaonekana ukweli. Dalili ilikuwepo, vile vijistari vifupi vya mhimili wa tarehe vilikuwa vimehamia juu ya fremu, na mimi niliviona nikavipuuza.

Chanzo chake ni ugomvi wa zamani kuhusu sifuri iko wapi. Mtu wa hesabu huanza chini kushoto na kupanda. Skrini, Pillow na printa huanza juu kushoto na kushuka, kama mtu anayesoma ukurasa. Matplotlib iko upande wa hesabu: njia zote hukufikia zikiwa zimehesabiwa kutoka chini. Ipo amri iitwayo flipy, ambayo Renderer huitumia kusema kama kwake y huongezeka kwenda chini, na isipoguswa jibu lake ni ndiyo. Nikaamini kwamba ndiyo hiyo imenimalizia kazi. Kumbe inahusu maandishi tu. Maandishi yangu yalikuja yakiwa yameshageuziwa, njia hazikugeuzwa. Dawa ni mstari mmoja ndani ya draw_path, kabla ya kuchora:

y = kimo - y

Hapo kimo ni urefu wa turubai kwa nukta. Mstari mmoja, na bei ya mwezi mpevu ikapanda inavyostahili.

Jambo la vipimo lina ndugu yake mdogo. Matplotlib hufikiri kwa inchi na pointi, ambapo pointi 72 ni inchi moja. Picha yake ya kawaida ni inchi 6.4 kwa 4.8, na kwa nukta 100 kwa inchi hupata 640 kwa 480. Printa yangu ina takribani nukta 203 kwa inchi, kwa hiyo upana wangu wote ni inchi 1.89 hivi. Mstari wa kawaida una unene wa pointi 1.5, kwa printa hii ni nukta nne na kidogo. Kuna amri ya kubadilisha pointi kuwa pikseli, points_to_pixels, na usipoiandika upya inakurudishia namba uliyoipa bila kuigusa. Hapo utapata mistari myembamba kama uzi wa nyavu, na hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea.

Sasa, kama una haraka, usifanye nilivyofanya. Ipo njia ya mkato ambayo bakendi nyingi za madirisha huitumia. Matplotlib inakuja na mchoraji aitwaye Agg, aliyejengwa juu ya maktaba ya C++ ya Maxim Shemanarev iitwayo Anti-Grain Geometry. Agg huchora picha nzima kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kwa ustadi wa kulainisha kingo. Bakendi ya dirisha huchukua tu pikseli hizo na kuzionyesha. Ndiyo maana unakutana na majina ya kuunganishwa kama TkAgg na QtAgg: upande mmoja mwenye dirisha (Tk au Qt), upande mwingine mwenye brashi. Kwangu mimi kulainisha kingo kulikuwa hasara, maana kulainisha ni kuweka kijivu, na kijivu kwenye karatasi ya joto hugeuka vumbi la nukta.

Turubai za dirisha zina mzigo mwingine ambao printa haina. Zinapaswa kupokea mbofyo wa kipanya na kuupeleka juu, na kuchora upya pale panapohitajika, si kila mara mtu anapotikisa mkono. Pia turubai hazifanani kwa kumbukumbu. Ile ya Tkinter, maktaba ya Python ya kutengeneza madirisha, hukumbuka kila ulichochora: ukipiga mstari inakupa namba yake, na baadaye unaweza kuusogeza kwa namba hiyo. Picha ya Pillow haikumbuki. Imebaki rangi tu. Karatasi ya risiti ndiyo kabisa, ikishatoka imetoka.

Nayo ilitoka. Mama mkubwa aliibandika ukutani, karibu na pale kijana wake anapoinjika sufuria ya chai. Siku ya tatu akanipigia simu kwamba grafu imekuwa nyeusi yote, bei ni kubwa kila siku. Karatasi ya joto haibagui joto la printa na la jiko. Nimemwomba aihamishie upande wa mlango.