Mizani, vina na nafsineni: istilahi za ushairi kwa mwanafunzi wa Uganda

Mwanafunzi wa Kiswahili akiulizwa aeleze umbo la shairi, mara nyingi huandika kuwa lina beti kadhaa zenye mishororo minne, kisha kalamu inasimama. Istilahi amezikariri, shida ni kuzitambua zikiwa ndani ya shairi lenyewe. Tuchukue ubeti huu niliouunda kwa ajili ya somo:

Jua lazama ziwani, wavuvi sasa wafika,
Sato wamo kikapuni, dagaa wanakauka,
Mama yupo mnadani, kelele zinasikika,
Ziwa letu lithamini, lisije likachafuka.

Kila mstari hapo ni mshororo. Mishororo minne imefanya ubeti mmoja, kwa hiyo hii ni tarbia. Ingekuwa mitatu tungesema tathlitha, mitano takhmisa. Koma ya katikati inaugawa mshororo vipande viwili: cha kwanza ni ukwapi, cha pili utao. Mshororo wa mwisho ukirudiwa katika kila ubeti ni kibwagizo; ukibadilika kila ubeti, ni kiishio.

Mizani ndiyo inayowasumbua wengi, na hapa Uganda ina sababu yake. Mizani ni idadi ya silabi katika mshororo. Ubeti wetu una nane kila kipande, yaani kumi na sita kwa mshororo. Sasa hesabu "dagaa wanakauka". Katika Luganda irabu mbili zinazofanana ni sauti moja ndefu: okukaaba ina silabi nne, o-ku-kaa-ba. Sikio lililozoea hivyo litasema da-gaa, mbili, na kipande kitabaki na saba. Katika Kiswahili kila irabu inasimama peke yake: da-ga-a wa-na-ka-u-ka, nane kamili. Halafu "mnadani": m-na-da-ni, nne, kwa kuwa m hii ni silabi peke yake kama ilivyo katika mtu na mtoto. Usije ukaipeleka kanuni hiyo kwenye mbuzi au ndizi. Hizo ni mbu-zi na ndi-zi tu. Mimi husema usiandike neno lolote kuhusu mizani kabla hujagonga meza kwa kidole, silabi moja moja.

Vina ni silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande. Hapa vya kati ni -ni na vya mwisho ni -ka. Ukiona vina hivyohivyo vinaendelea kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, huo ni mtiririko. Vikibadilika kila ubeti ni ukaraguni. Vya kipande kimoja vikibaki na vya kingine vikibadilika, ni ukara. Tena lugha ya nyumbani inaingilia: katika Luganda r hufuata e na i, kwingine ni l, hivyo msemaji wake anaweza kuona "biashara" na "chakula" zina kina kimoja. Hazina. Kura na kula ni mambo mawili, na -ra na -la ni vina viwili. Mnyankole naye huvutwa upande wa r, kwa hiyo ajichunge vilevile.

Ili mizani na vina vitimie, mshairi hupewa ruhusa ya kuigeuza lugha kidogo. Akifupisha neno, kama "mekuja" badala ya umekuja, ni inkisari. Akilirefusha, "enenda" badala ya nenda, ni mazida. Akibadili sauti bila kuongeza silabi, mathalani fahamu ikawa "fahami" ili ipate kina cha -mi, ni tabdila. Akipindua mpangilio wa maneno, "lake jina" badala ya jina lake, anaboronga sarufi. Ila tahadhari: wapo watakaosema "lazama" katika ubeti wetu ni inkisari ya linazama. Sikubaliani nao. Hicho ni kiambishi -a- cha wakati, sarufi halali kabisa, ingawa ni kweli imenisaidia kubaki kwenye nane.

Tamathali, yaani lugha ya picha kama tashbihi (kulinganisha kwa neno kama "kama"), sitiari (kukiita kitu jina la kingine), tashihisi (kukipa kitu tabia za mtu) na wenzake, hazina ugumu mkubwa, mradi usiishie kuzitaja. Toa mfano, useme unafanya kazi gani mahali pale.

Kinachochanganya zaidi ni nafsineni. Huyu ndiye anayesema ndani ya shairi, na si lazima awe mshairi. Mfano mzuri ni wa hapahapa: katika Song of Lawino, lililotoka mwaka 1966, anayesema ni Lawino, mke wa Kiacholi anayemlalamikia mumewe Ocol kwa kudharau mila zao. Aliyeandika ni Okot p'Bitek, mwanamume. Nafsineni ni Lawino. Anayeambiwa ni nafsinenewa, mara Ocol mwenyewe, mara watu wa ukoo. Kwa hiyo swali likija, usikimbilie jina lililo chini ya shairi. Tafuta viambishi ni- na tu- ujue nani anasema na yuko katika hali gani, kisha u- na m- ujue anamwambia nani. Katika ubeti wetu hakuna ni- hata moja, lakini "ziwa letu" inatosha kukuambia kwamba anayesema ni mkazi wa pale ufukweni, na "lithamini" inamwelekea jirani yake.